Bazee ba Portigali

Dimitri Mukuna alikuwa anakula bukari, ile ugali ya kwetu, ku kilio ya mutu mwenye hakumujua. Kwake ile haikuwa kitu ya ajabu. Kazi yake ilikuwa kop, ni kusema kukula jasho ya bengine kupitia mudomo, na juma yenye kop haikupatikana, alikuwa anatembea mu mitaa ya Manika, kule Kolwezi, na masikio wazi. Pale anasikia bamama banalia, anaingia, anatosha kofia, analia kupita hata benye kufiwa, kiisha anaikala karibu na sufuria. Ile siku alilia vizuri sana. "Tata, umetuachia nani sasa?" alilalamika, mpaka mwanamuke moja alimuvuta shati na kumwambia polepole kama mwenye kufa ni mwanamuke, tanti ya bwana wa nyumba. Dimitri hakupoteza hata pumzi. Alijibu kama ule tanti njo alikuwa tata yake na mama yake pamoja, na bamama balipandisha kilio tena.

Sasa, mutu mwenye kulia bure, macho yake inabakia na nafasi ya kuangalia. Macho ya Dimitri iliangalia nyama, kiisha sufuria, kiisha majiwe tatu yenye kubeba sufuria. Pale ilisimama. Ile majiwe ilikuwa nyeusi, na pembeni, pale moto haikufika, ilikuwa na rangi ya majani na ya buluu. Mu Kolwezi hata mutoto mwenye bado ananyonya anajua ile rangi. Ni shaba, na pamoja na shaba ni kobalti. Aliuliza mama moja, kama mutu wa kuuliza habari ya mvua, majiwe muzuri vile ilitoka wapi. Alimujibu: ilitoka mu shimo ya choo mupya, kule nyuma ya nyumba.

Dimitri alisahau tanti pale pale.

Lupango, ni kusema kiwanja na nyumba yake, ilikuwa ya Tata Tshilombo na bibi yake, Mama Josée. Bazazi babo baliletwa toka Kasai zamani juu ya kazi ya mine, kuchimba shaba. Tata mwenyewe aliendesha kamyo kubwa mu mine ya Mashamba mpaka mugongo ilikataa. Batoto babo balienda Kinshasa na mbali zaidi, na kule banatuma salamu kuliko makuta, ni kusema feza. Kwa hiyo ile nyumba ya byumba tatu njo ilikuwa pansioni yabo, feza ya uzee, njo ilikuwa dawa ya siku ya ugonjwa, njo ilikuwa sanduku ya siku ya mwisho. Mutu mwenye atabatosha mule, anabatosha mu dunia. Dimitri alijua ile yote, juu aliuliza vizuri, na haikumukataza kulala.

Aliwaza hivi. Kama anabaambia kuko majiwe, batachimba benyewe. Kama anasema anataka kununua, batajiuliza sababu gani mutu mwenye akili ananunua nyumba yenye kuta zake inapasuka. Basi ilibakia njia moja: kubafanya batamani kwenda.

Juma yenye kufwata alirudia. Alivala biatu bya kungaa, na alibeba sakoshi ya kompyuta yenye ndani ilikuwa na gazeti moja na kichanuo. Alijiita Direktere. Alibasalimia kwa Tshiluba, lugha ya kwabo Kasai, yenye alijifunza mu njia, juu ya pikipiki ya taksi. Kiisha alitosha telefone na kubaonyesha bafoto: bazee bazungu pembeni ya bahari, kule Portigali, mu makao yenye aliita Rezidansi Jua Tamu. Alielezea kama kule mutu mwenye kuisha kazi hapumziki kama maiti. Kila siku ni klabu: klabu ya kucheza, klabu ya kuimba, klabu ya kupaka rangi ku kitambaa, klabu ya maua, klabu ya kuogelea mu pisini. Na bale bazungu, alisema, sasa beko banatafuta bazee ba Afrika benye heshima, juu benyewe kwa benyewe furaha ilianza kubapungukia.

Tata Tshilombo alikamata telefone, aliileta karibu na pua. Ilikuwa foto ya bazee bane, suruali mufupi, banatupa mipira ya chuma mu muchanga.

"Haba banafanya nini?"

"Banacheza, Tata. Banatupa ile chuma, kiisha banaiokota."

"Kiisha?"

"Kiisha banaitupa tena."

Tata aliwaza kidogo. "Mi nilibeba chuma maisha yangu yote, na hakuna hata mutu alinipiga foto."

Mama Josée hakucheka. Aliuliza swali moja tu: na kama mutu anakufa kule, nani atakuja ku kilio? Dimitri alijibu mbele mama amalize kama kuko klabu ya kilio, kila siku ya ine. Mama alimuongezea bukari.

Kuhusu bei, Dimitri alisema hakuna hata feza moja ya kulipa. Banaachilia tu lupango, Rezidansi inaishika, na bo banaikala kule mpaka mwisho wa maisha, kukula na kulala ndani. Hapa njo kila mama na kila tata anapashwa kusimama: mutu mwenye anakuletea kitu kubwa na halombi kitu, ujue macho yake iko mahali pengine. Lakini bale bazee balianza kuitika na kichwa, haraka, mpaka Dimitri mwenyewe aliogopa. Kazi yenye kwenda mbio vile inafanana na mutego. Basi aliongeza uongo moja ya mapambo, ile yenye hakuna mutu alimulomba. Alisema haiko kila mutu anaingia. Ku eropori ya Portigali, pale ndege inatua, beko banapima. Muzee mwenye hajue hata michezo tatu, banamurudisha na ndege ile ile.

"Banapima?" Mama Josée aliuliza.

"Banapima, mama. Kwa ukali."

"Basi hatuwezi kutia mukono ku mukanda, ile karatasi ya kuachilia nyumba, mbele ya kujua. Batatufukuza kule, na huku nyumba imeshakwenda. Utufundishe kwanza, Tata Direktere. Na tatu ni kidogo, itatupatisha haya. Utuwekee saba."

Dimitri aliitika ile saba. Uongo ilikuwa yake. Angeikataa namna gani?

Alienda kuona Philippe, munuzi wa majiwe ku depo moja pembeni ya barabara kubwa, mutu wa maneno kidogo na mizani yenye yeye peke yake aliamini. Dimitri alimuahidi majiwe yote ya lupango moja nzima, hakusema gani, na Philippe alimutangulizia makuta. Na ile makuta Dimitri alinunua ngoma mbili kubwa, nguo za michezo za rangi ya machungwa, marangi, mabrosi na mabeseni. Mabeseni njo ilikuwa pisini. Kila muzee alisimama na miguu yake mu beseni yake, anapiga mikono mu upepo, na Dimitri anahesabu pembeni na firimbi mu mudomo. Ye mwenyewe hakujua kuogelea, hakujua kuchora, na muchezo moja tu alijua ilikuwa karata. Lakini alikuwa na firimbi, na mu Kongo mutu mwenye firimbi hakuna mwenye anamuuliza diplome.

Jirani yabo, Mama Falonne, mujane mwenye jikoni yake ilishikamana na ukuta ya Tshilombo, alikuja kuuliza kama naye Portigali inaweza kumupokea. Kiisha bengine balikuja, bazee ba mine ba kartie, ile mutaa yote, bengine na fimbo, bengine na bibi. Dimitri alibaangalia na hakuona batu. Aliona malupango. Alibaitika bote, na alianza kulala na kutabasamu. Mama Falonne alipewa kazi ya kufundisha kucheza, juu kiuno yake ilijua kitu kupita Direktere, na alilomba ngoma ipigwe kwa nguvu, bila huruma. Portigali iko mbali, alisema, bapashwe kutusikia.

Toka asubuhi mpaka jua juu ya kichwa, ngoma ilipigwa. Kartie nzima ilisikia ngoma, na hakuna mutu alisikia kitu ingine.

Na kusema kweli, bale bazee balipona. Tata Tshilombo, mwenye kila siku alikuwa anahesabu magonjwa yake kama mutu wa kuhesabu bajukuu, alisahau hata mugongo. Mutu alikuwa anapita mu njia anaona bazee ba nguo ya machungwa banaimba, banacheka, banatukanana kwa mapendo, moja anachora kuku yenye inafanana na kiti. Batoto ba kartie balibaita bazee ba Portigali. Dimitri alisikia ile jina na kifua yake ilivimba, kama vile ni yeye alibazaa.

Haikuwa bote banacheza mara moja. Bengine banacheza, bengine banaingia mu nyumba kupumzika, kiisha banabadilishana. Dimitri aliona kama bale benye kupumzika banatoka na jasho kupita benye kucheza, na vumbi mu nywele. Alibahurumia. Uzee, alimwambia Mama Josée, ni kitu mubaya, hata kuikala inabachokesha.

Siku moja alitaka kuingia mu chumba ya kulala, juu ya kupima na macho nyumba yake ya kesho. Mama Josée alisimama pa mulango, mikono ku kiuno. Mule mulikuwa bavalizi, masanduku ya safari, alisema, na kwabo Kasai mutu wa inje akiona valizi mbele ya siku, safari inaoza. Dimitri alirudi nyuma na alilomba radhi. Alishauzisha maji ya bomba kama dawa ya macho, alishauzisha kiti mu kanisa yenye haijajengwa, na aliamini habari ya valizi. Mudanganyifu ni mutu wa kuamini sana. Anawaza uongo yote ya dunia ilishatoka mu mudomo yake, ya bengine haibakie.

Halafu kulikuwa klabu ya maua. Kila siku ya tano bazee banatosha magunia ya udongo, banapakia ku pikipiki, banasema banapeleka ku kanisa kupanda maua, na benyewe banafwata nyuma na nguo zabo za machungwa. Siku moja gunia moja ilibakia chini, hakuna mwenye nguvu ya kuiinua. Dimitri alitosha koti, alijitwika. Shingo yake iliingia mu mabega. Aliifikisha ku njia, na alilipa ule wa pikipiki na makuta yake, juu ya kuonyesha moyo muzuri.

"Hii udongo yenu ni nzito, mama," alisema, pumzi mufupi.

"Ni mvua, Tata Direktere."

Mvua haikuonekana toka Pasaka. Dimitri aliitika na kichwa na alijipangusa jasho.

Sasa Philippe alianza kumuita ku telefone. Kwanza asubuhi, kiisha asubuhi na mangaribi. Dimitri alibembeleza bazee batie mukono. Mama Josée alijibu kama bado klabu ya kuchora, kuku haijafanana na kuku. Alibembeleza tena. Bado kuimba, sauti ya Tata inaanguka katikati ya wimbo. Dimitri alikonda. Mwalimu wa Portigali alianza kukopa mikate ku kona.

Halafu asubuhi moja alifika na hakusikia ngoma. Tata Tshilombo na Mama Josée balikuwa pa mulango, valizi pembeni, nguo ya siku ya Mungu. Balisema beko tayari. Dimitri karibu abakumbatie.

Balienda kwa Kyungu, shefu ya kartie, mutu wa kuandika polepole sana. Shefu aliandika kama Tata Tshilombo anaachilia lupango kwa Dimitri Mukuna, na aliuliza kama kuko neno ya kuongeza. Dimitri alisema iko. Alitaka baandike kama lupango ni yake juu na chini.

"Chini namna gani?" shefu aliuliza.

"Chini, shefu. Yote yenye iko chini ni yangu. Hata mutu asiniombe kesho."

Shefu alimuangalia Tata. Tata aliangalia biatu yake. Mama Josée alisema, sauti ya kanisa, kama hana neno, Tata Direktere aandikiwe yote yenye roho yake inataka. Batu bane ba kushuhudia balitia mukono, Mama Falonne ndani yabo. Kiisha Dimitri alibapa batiketi ba ndege benye alitengenezesha ku duka ya fotokopi, alibaambia kama mutu wa Rezidansi anabangojea Lubumbashi, na alibasindikiza mpaka ku bisi. Alijua hakuna mutu mwenye anabangojea. Alibawazia kabisa, bazee babili ku eropori, na ile tiketi mu mukono, bapolisi banabacheka. Alipunga mukono mpaka bisi ilipotea.

Siku ile ile alimuleta Philippe. Alitembea mbele yake kama mwenye harusi, alifungua mulango ya inje, alifungua mulango ya chumba ya kulala.

Hakukuwa kitanda. Pale kitanda ilipashwa kuwa kulikuwa shimo, mudomo yake mupana kama meza, ngazi ya miti inashuka ndani. Philippe alishuka na mwangaza ya telefone, Dimitri nyuma yake, na kule chini balikuta njia inaenda kuume, njia inaenda kushoto, njia inaenda mpaka chini ya choo mupya, yote ya kusafishwa vizuri kama sahani ya mutoto mwenye njala. Philippe aliokota kipande moja kidogo, alikigeuza, alikinusa.

"Hii majiwe naijua," alisema. "Kila siku ya tano kuko bazee bananileteaka. Nguo ya machungwa. Majiwe safi, haikuchanganywa na majiwe ya bure. Nilibalipa vizuri."

Dimitri aliikala chini, mule mule mu shimo.

"Na we nilikulipa," Philippe alisema. "Ya kwangu iko wapi?"

Kumbe ile siku ya kilio Mama Josée hakulia sana, tanti alikuwa wa upande ya bwana. Naye macho yake ilikuwa na nafasi. Aliona mugeni mwenye kulia kwa nguvu anaangalia majiwe kupita nyama, na mu miaka yake yote ya kulisha batu ku kilio hakuona mutu wa vile. Kiisha batu kuondoka alisafisha jiwe moja na maji, alimuonyesha Tata, na Tata, mutu wa mine, aliijua pale pale. Mbele Direktere arudie na biatu bya kungaa, balikuwa banamungojea. Ya kubasumbua ilikuwa moja tu: namna gani bachimbe, bo na bazee benzabo benye batagawana nabo makuta, na magoti yabo, bila kartie nzima kusikia na kuja kubashika mikono? Ngoma, Dimitri alileta ye mwenyewe.

Lakini bamama, musizanie nasifu. Chini ya Kolwezi kunashapita matoboro mingi kama mu kipande ya muhogo yenye wadudu baliingia. Kila mwaka kuko nyumba yenye inameza batu bake, na ni kila mara batu benye balisema, siye tunachimba kidogo tu. Bale bazee balibahatika. Kubahatika haiko akili.

Philippe alikuwa bado anangojea jibu pale kelele ilisikika inje. Mama Falonne alikuwa mu lupango na shefu Kyungu na nusu ya kartie. Jikoni yake, alisema, ilikuwa imezama toka usiku, jiko imeinama, sufuria zote zimekimbilia kona moja. Mu hii muji sheria iko moja, hata mutoto anaijua: mwenye mulango ya shimo njo mwenye shimo, mpaka kule inafika. Shefu aliuliza benye kuwa ndani, hii lupango ni ya nani?

Dimitri alitoka na udongo ku koti. Alisema ni bazee balichimba. Alimuonyesha Mama Falonne na kidole, alisema hata ule alikuwemo, alicheza juu ya shimo kila siku ya Mungu.

"Mi nilikuwa nacheza," Mama Falonne alijibu. "Ni we ulinivalisha nguo na kupiga firimbi. Mi najua nini ya chini? Chini ni yako, ulilomba mbele yetu bote."

Shefu alisoma mukanda, polepole vile aliandika. Kiisha alimulomba Dimitri asiondoke mu kartie mpaka shimo ijazwe na jikoni isimame. Philippe alisema haiko mbaya, naye anapenda asiondoke. Alikamata telefone ya Direktere na biatu bya kungaa, juu ya kuanzia.

Tata Tshilombo na Mama Josée habakufika Portigali, na habakubakia Lubumbashi kulia. Balikamata bisi ingine, balipita mupaka ku Kasumbalesa, na beko Ndola, kule Zambia, mu nyumba kidogo yenye balinunua karibu na kanisa. Kule bazee ba mine ba Zambia beko na chama: banatupa chuma mu muchanga na banaiokota, banaimba siku ya tatu, banalima maua. Tata Tshilombo ni mukubwa wa kutupa chuma. Mama Josée anafundisha bamama kuchora kuku. Kati ya yote yenye Dimitri alisema mu maisha yake, ile ya retrete, kupumzika kazi kule inje, njo moja tu ilikuwa kweli, na hakuiona.

Yeye mpaka leo eko mu ile lupango, anajaza udongo na beseni, anajengea mujane jikoni, na mangaribi anasimama pa mulango na kandambili ya mupira ku miguu, anatafuta mutu wa kumuuzishia. Lugha yake ingali tamu. Anasema bei inapunguka, mwenyewe anasafiri. Anasema kuta ni za zamani, za nguvu. Kama ni mu kipindi ya joto anasema hii nyumba haina kazi na vantilatere, ile feni, upepo yake inatoka chini.

Mama, kama umesikia mutu anakuambia vile, shika batoto bako mukono, mupite upande ingine ya njia, na mukanyage polepole.